Meli ya Mfalme na Mzamiaji wa Gine

Wengi mmeniandikia kwamba hamkuweza kufika Jumamosi kwenye mazungumzo yangu juu ya Mary Rose, ile meli ya kale iliyohifadhiwa hapa Portsmouth, Uingereza, wengine kwa sababu ya zamu za kazi, wengine kwa sababu ya watoto. Nimeyaandika hapa niliyoyasema, karibu neno kwa neno. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, na vicheko mtajitilia wenyewe.

Waheshimiwa wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliojificha kule nyuma mkidhani siwaoni: asalaam alaykum. Wa Bukavu na Bujumbura, jambo zenu. Mwenyekiti ameninong'oneza kwamba pilau iko tayari jikoni, kwa hiyo nikivuka saa moja mjue kosa ni langu na adhabu ni yenu.

Nianze na swali. Ni nani hapa ameishi Portsmouth zaidi ya miaka 10? Inueni mikono. Naam, karibu nusu ya ukumbi. Haya, shusheni. Sasa, ni nani ameingia kule bandari ya kijeshi akaiona Mary Rose kwa macho yake? Mmoja. Wawili. Na yule binti kule, watatu, naye najua alipelekwa na shule.

Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikaa mji huu miaka 8 nikipita pale getini kila asubuhi na mkoba wa chakula, nikisema moyoni: meli ya mfalme wao, vita vyao, mimi inanihusu nini? Mpaka siku moja mvua ilinilazimisha kuingia. Nilitoka jioni, na usiku ule sikulala. Leo nataka kuwaambia kwa nini sikulala.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Watu wengi wa hapa watakwambia Mary Rose ilizama siku ya kwanza iliyotoka bandarini. Si kweli. Si kweli hata kidogo. Meli hii iliishi miaka 34. Niambieni, jahazi la miaka 34 mnaliita jipya?

Ilijengwa hapa hapa Portsmouth. Mfalme Henry wa Nane alipanda kitini mwaka 1509, kijana ambaye hajatimiza hata miaka 18, ana fedha za baba yake na ana hamu ya kupigana na Ufaransa. Mwaka uliofuata akaagiza meli, na mwaka 1511 Mary Rose ikashushwa majini. Mkuku wake, uti wa mgongo wa chombo, ulikuwa wa mti wa elm, mataruma, yaani mbavu, na mbao zake za mwaloni. Wanaojua misitu wanakadiria kwamba ililiwa mialoni mikubwa 600 hivi kwa meli moja.

Wazee wa Lamu na Mombasa mtanielewa hapa. Zamani meli za huku kaskazini zilijengwa ubao juu ya ubao, kama magamba ya samaki. Mary Rose ilijengwa ubao kwa ubao, ukingo kwa ukingo, ikakalafatiwa katikati, kama jahazi letu. Kwa nini? Kwa sababu ya mizinga. Ukitaka kukata madirisha ubavuni mwa chombo, kisha uyafunge maji yasiingie, unahitaji ubavu laini. Madirisha hayo yakumbukeni. Tutayarudia.

Na msidhani habari ya mizinga majini ilikuwa ngeni kwetu. Mwaka 1505, miaka 6 kabla ya Mary Rose kugusa maji, Francisco de Almeida alikwisha kufika Kilwa, kisha Mombasa, na meli za Kireno zilizobeba mizinga. Mji wa Mombasa ukateketezwa. Kwa hiyo Henry alipokuwa anaagiza meli yake, babu zetu walikwisha kuijua harufu ya baruti itokayo baharini. Ulikuwa ulimwengu mmoja ule, ndugu zangu, hata kama vitabu vyetu vya shule viliugawa mafungu.

Miaka ya mwanzo meli hii ilikuwa kipenzi. Amiri wake wa kwanza, Edward Howard, aliipeleka Brest mwaka 1512, kwenye mapigano ambapo meli ya Kiingereza Regent na ya Kifaransa Cordelière ziling'ang'aniana, baruti ikashika, zikaungua pamoja na watu wao. Machi iliyofuata Howard akashindanisha meli zote za mfalme kwa mbio. Mary Rose ikawaacha wenzake. Akamwandikia mfalme kwa furaha ya mtu anayemsifia farasi wake, akaiita ua la meli zote zilizowahi kutweka tanga.

Mwezi mmoja baadaye, mwezi mmoja tu, Howard huyo huyo akaichukua mashua ya makasia na watu wachache, akarukia meli ya adui. Kamba iliyowaunganisha ikaachia, akabaki kule upande wa pili, nyuma yake maji, mbele yake mikuki. Walioshuhudia wanasema alivua filimbi yake ya dhahabu shingoni, alama ya uamiri, akaitupa baharini isishikwe na adui. Kisha akasukumwa naye akazama. Filimbi haijaonekana mpaka leo. Nahadhiri hapa: kijana wangu, simu hiyo weka mfukoni, filimbi ya dhahabu huwezi kuitafuta humo.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Meli ilibeba askari, ikapumzika gatini miaka mingi, ikaenda vita vya pili na Ufaransa mwaka 1522, ikapumzika tena. Mwaka 1536 hivi ikafanyiwa matengenezo makubwa. Ilikuwa ya tani 500, ikawa ya tani 700. Ikaongezwa mizinga mizito. Watu wa vyombo mnajua maana yake. Ukiongeza mzigo juu bila kubadili umbo chini, unakula akiba ya chombo. Chombo hakikwambii leo. Kinakuwekea.

Kinakuwekea mpaka Jumapili moja, tarehe 19 Julai 1545.

Nataka mwione siku hiyo kama mlikuwapo, kwa sababu mahali penyewe mnapajua. Ni pale Southsea, kwenye ile ngome ndogo mnapopeleka watoto kula aiskrimu. Mfalme amesimama pale. Si kijana tena, ni mtu mnene, mguu unamuuma. Mbele yake, kati ya bara na kisiwa cha Wight, wamekuja Wafaransa na vyombo zaidi ya 200, wakiongozwa na Claude d'Annebault. Waingereza wana kama 80. Asubuhi hakuna upepo, maji yametulia kama ya kisimani. Meli za makasia za Wafaransa zinakuja zinapiga, zinarudi. Meli kubwa za tanga za mfalme zimekwama hapo hapo.

Jioni upepo ukaamka. Mary Rose ikatweka tanga. Amiri wake sasa ni George Carew, aliyekabidhiwa wadhifa jana yake tu, kwenye chakula pamoja na mfalme. Meli imejaa askari wengi kupita kawaida. Ikapiga mizinga ya upande mmoja. Ikageuka ili ipige ya upande wa pili. Na ile kugeuka, upepo ukaikamata, ikalala ubavu. Madirisha ya mizinga yalikuwa wazi. Walter Raleigh aliandika baadaye kwamba vizingiti vya madirisha hayo vilikuwa inchi 16 tu juu ya maji. Inchi 16! Pimeni kwa shubiri, hazifiki shubiri mbili za mtu mzima.

Maji hayakubisha hodi.

Na hapa ndipo penye uchungu. Juu ya sitaha kulikuwa kumetandazwa wavu mzito wa kamba, umekazwa kutoka ubavu hadi ubavu. Kazi yake ilikuwa kuwazuia adui wasirukie ndani. Sasa niulizeni: wavu unaozuia mtu asiingie, unamruhusu atoke? Watu kama 500 walikuwa ndani. Waliopona hawakufika 35, wengi wao waliokuwa juu kwenye milingoti. Mfalme aliona. Mke wa Carew alikuwa pembeni mwa mfalme, naye aliona, akaanguka akazirai. Watu waliokuwa pwani walisikia vilio vikitoka majini, kisha hawakusikia kitu.

Nani wa kulaumiwa? Wafaransa walisema ni mizinga yao. Kila aliyepigana na mtu aliyeanguka hudai ni ngumi yake. Balozi wa Kaisari Charles wa Tano aliyekuwapo alizungumza na Mflemi mmoja, mtu wa Flanders, aliyeokoka, na huyo akasema habari hii hii niliyowapa: upepo, kugeuka, madirisha wazi. Kuna pia simulizi ya ami yake Carew aliyepita karibu na meli yake akauliza kwa sauti kuna nini, na Carew akamjibu kwamba ana watu wa ovyo asioweza kuwatawala. Kama kweli alisema hivyo, yalikuwa karibu maneno yake ya mwisho duniani. Akazama nao.

Mimi nimefanya kazi gatini, na nawaambia nionavyo. Meli iliongezwa uzito. Ikajazwa watu. Ikapewa amiri ambaye hajalala nayo hata usiku mbili. Halafu upepo. Mnataka sababu moja? Mimi sioni moja.

Lakini kuna sababu moja iliwahi kutolewa, nayo ilinichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Miaka kadhaa iliyopita kuna watafiti waliopima meno ya baadhi ya maiti, wakaona huenda mabaharia wengi walitoka nchi za joto, kusini. Wakadokeza kwamba labda meli ilizama kwa sababu wageni hawakuelewa amri za Kiingereza. Mmesikia? Miaka 460 na zaidi imepita, na bado mgeni ndiye aliyeacha dirisha wazi! Wenzao wengi walilipinga wazo hilo, na sawa. Lakini uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2021, wa mifupa ya watu 8, ulionyesha jambo ambalo mimi nalipenda zaidi: watatu kati yao yawezekana walikulia pwani za kusini zaidi, huko Ulaya ya kusini au Afrika ya kaskazini. Na mmoja aliyekulia hapa hapa Uingereza alikuwa na fuvu lenye dalili za asili ya Afrika. Mwaka 1545. Kwenye meli ya mfalme. Basi mkiulizwa kwenye basi mmetoka wapi kweli kweli, semeni sisi tulikuwa kwenye Mary Rose.

Sasa nafika kwa mtu aliyeninyima usingizi.

Meli ilipozama, haikuzama mbali wala kina hakikuwa kirefu, mita 14 hivi. Milingoti ilibaki imechomoza juu. Mfalme akataka kuitoa. Wakaitwa Waveneti, watu wa Venice, mabingwa wa kazi hiyo. Mbinu yao mtaifahamu mara moja, kwa sababu kila mvuvi wa pwani anaijua nguvu yake. Unaleta meli mbili tupu, moja kila upande. Maji yakiwa yamekupwa, unafunga amari, kamba nene, kutoka kwenye meli hizo hadi kwenye iliyozama, unazikaza kabisa. Kisha unakaa. Unasubiri. Maji yanapojaa, meli mbili zinapanda, na iliyozama inanyanyuka nazo. Bahari yenyewe inakufanyia kazi. Lakini Mary Rose ilikuwa imelala sana ubavu wake wa kulia, tope limeushika. Wakavuta kwa milingoti, mlingoti mkuu ukavunjika. Wakaacha.

Ikabaki mizinga. Shaba ya mizinga ilikuwa mali, na mfalme hakutaka kuiacha chini. Akapewa kazi Mveneti mwingine, Piero Paolo Corsi. Naye Corsi hakushuka majini. Waliokuwa wanashuka ni watu wake, na kiongozi wa wazamiaji hao alikuwa kijana Mwafrika, wa takriban miaka 20, aliyezaliwa kwenye kisiwa kilichoandikwa kuwa cha Gine. Jina lake kwenye karatasi za Uingereza ni Jacques Francis.

Subirini, nalirudia. Jacques Francis. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa popote.

Fikirini kazi yenyewe. Hakuna chupa ya hewa. Hakuna miwani. Maji ya Solent, mlango wa bahari kati yetu na Wight, mnayajua, Julai yenyewe yanauma mifupa, na ukifungua macho huoni mkono wako. Baharia wa Kiingereza wa zama hizo kwa kawaida hata kuogelea hajui. Huyu kijana anavuta pumzi moja, kama wazamia lulu wa Bahrain, anashuka mita 14, anapapasa gizani kwenye meli yenye maiti 500, anatafuta mzinga, anafunga kamba, anapanda. Halafu anashuka tena. Waswahili tunasema tezi na omo marejeo ni ngamani. Huyu ngama, tumbo la chini la chombo, aliifikia kwa mikono yake.

Wakati huo huo Corsi alipewa kazi ya meli nyingine, ya mizigo, iliyoungua ikazama karibu na Southampton na bati ndani yake, mali ya wafanyabiashara wa Kiitalia. Ukazuka ugomvi. Wenye mali wakamshtaki Corsi kwamba ameiba bati yao. Kesi ikaenda Mahakama Kuu ya mambo ya bahari. Na nani anaweza kusema kilichokuwa chini ya maji? Majaji hawajashuka. Wenye mali hawajashuka. Corsi mwenyewe hajashuka. Aliyeshuka ni mmoja.

Februari 1548 Jacques Francis akaitwa mahakamani, kukawa na mkalimani, akatoa ushahidi. Ndiye Mwafrika wa kwanza anayejulikana kutoa ushahidi katika mahakama ya Uingereza.

Nanyi mnajua kilichofuata, hata kama hamjasoma. Mashahidi wa upande wa pili walijaribu kumfuta. Hawakubishana naye juu ya bati. Hawakusema: hapana, ulikuwa mahali pengine. Walisema ni mtumwa. Walisema amezaliwa mahali ambapo watu hawabatizwi. Walisema mtu wa namna hiyo neno lake halipokelewi. Yaani tunakubali ushuke gizani kwa ajili ya mizinga ya mfalme, pumzi yako tunaitaka. Maneno yako hapana!

Mama mmoja hapa mbele ananitikisia kichwa. Mama, najua. Umewahi kukaa kwenye kikao kazini ukasema jambo, wakanyamaza, kisha mwingine akalisema lile lile wakamshukuru. Najua.

Lakini sikilizeni. Mahakama iliandika. Karani alichovya kalamu akaandika aliyoyasema, aliyoyaona chini ya maji, na kwamba yeye alijieleza kuwa mtumishi wa Corsi. Karatasi ile ipo mpaka leo. Wale waliosema neno lake lisipokelewe, sisi tunawajua kwa sababu tu walimpinga yeye.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nilikuwa nimepita getini miaka 8 nikisema hainihusu.

Tuendelee, naona mwenyekiti anatazama saa.

Meli ikabaki chini. Nusu iliyokuwa juu ya tope, upande wa kushoto, ikaliwa na wadudu watoboao mbao. Nyinyi mliokulia pwani mnajua kwa nini chombo hupakwa sifa na deheni. Nusu iliyokuwa imezikwa topeni, hewa haikufika, mdudu hakufika, ikalala. Mwaka 1836 nyavu za wavuvi zikanasa, wakaitwa ndugu wawili wa familia ya Deane waliokuwa na kofia ya kuzamia ya kwanza kwanza, wakapandisha mizinga na pinde kadhaa. Kisha ikasahaulika tena.

Mwaka 1965 mwandishi mmoja mpenda kuzamia, Alexander McKee, akaanza kuitafuta, yeye na marafiki zake, Jumamosi na Jumapili. Watu walimcheka. Mei 1971 mmoja wa wazamiaji wake akaona mataruma yamechomoza kwenye tope. Baadaye kazi ya uchimbaji ikaongozwa na mama mmoja mwanaakiolojia, Margaret Rule, ambaye alikuwa amevuka miaka 40 alipojifunza kuzamia. Mnaosema mmezeeka kujifunza Kiingereza, mmesikia? Wazamiaji walishuka karibu mara 28,000. Tarehe 11 Oktoba 1982 winchi kubwa inayoelea ikaipandisha, mbele ya kamera za televisheni. Na wakati inaning'inia juu ya maji, pini moja ya fremu ikaachia, kona ikaporomoka kwa kishindo. Watu wakaziba midomo. Ikashika. Ikafika nchi kavu.

Nilikuwa Mombasa wakati huo, sikujua lolote. Lakini nilikuwa na meli yangu. Mwaka 1977 nilikuwa mtoto wa miaka 9, tunaoga chini ya Ngome ya Yesu, wakaja wazamiaji kuchimba meli ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama pale mwaka 1697 ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa na Waomani. Tulikaa juu ya mawe siku nzima tukisubiri waibuke na kitu. Vyombo walivyovitoa viko ngomeni, lakini mbao zake zilifukiwa tena kule kule chini, kwa sababu kuzitunza mbao zilizokaa majini ni gharama ya miaka. Mary Rose ilinyunyiziwa maji baridi miaka 12, kisha ikanyunyiziwa aina ya nta inayoyeyuka majini kuanzia 1994 hadi 2013, ndipo ikaanza kukaushwa. Miaka 30 na zaidi ya kuoga! Nani angeilipia hiyo Mombasa? Siulizi kwa kulalamika. Nauliza kwa sababu ile yetu bado ipo pale, na mimi huifikiria.

Ndani ya tope la Mary Rose walitoa vitu zaidi ya 19,000. Sitavitaja vyote, msiogope. Kuna pinde ndefu zaidi ya 130 zikiwa nzima, na mifupa ya mabega ya wapiga mishale imebadilika umbo kwa kuvuta upinde tangu utotoni. Kuna sanduku la tabibu na dawa bado ndani. Kuna pilipili manga. Pilipili manga, mama zangu, ile ile iliyokwenda kwenye pilau ya leo, imesafiri kutoka India mpaka mfukoni mwa baharia Mwingereza. Kuna vitana 82 vya chawa, vingine na chawa wenyewe. Kila mtu alipewa galoni moja ya bia kwa siku, na mzee wangu usinitazame hivyo, maji ya pipani yalikuwa yanaoza.

Jikoni palikuwa chini kabisa, ngamani, majiko mawili ya matofali na masufuria makubwa ya shaba. Hapo lilipatikana bakuli la mti, na mtu amekata kwa kisu jina lake: Ny Coep, mpishi. Sanamu ya mfalme imejaa kila mahali katika nchi hii. Huyu alijiandika mwenyewe kwenye bakuli ili asiibiwe, na hivyo ndivyo tunavyomjua.

Na kuna mbwa. Mbwa mdogo, hajatimiza hata miaka 2, wa kukamata panya. Alipatikana penye mlango wa chumba cha fundi seremala. Watoto wote wanamkimbilia yeye kwanza, hawana habari na mizinga.

Mifupa iliyopatikana ni ya watu wasiopungua 179. Mmoja wao, jina lake halijulikani, alizikwa mwaka 1984 katika kanisa kuu la Anglikana la mji huu, tarehe ile ile, 19 Julai. Kaburi liko pale chini, mnalikanyaga mkienda sokoni mkikatisha njia.

Kitu cha mwisho. Kengele ya meli. Ilipatikana mwaka 1982, na maneno yake yameandikwa kwa Kiflemi, si Kiingereza. Yanasema: nimetengenezwa mwaka 1510. Inazungumza yenyewe, kama vile mlango wa Lamu ulioandikwa jina la mwenyewe. Nilisimama mbele yake siku ile ya mvua, nikamuuliza mlinzi kama inaruhusiwa kuigonga. Akacheka. Hairuhusiwi.

Basi. Jumapili ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, mimi nitakuwa getini kule bandari ya kijeshi. Tiketi si rahisi, nawaambia mapema, kwa hiyo tuliozungumza na mwenyekiti tutachangia za watoto na wazee. Vaeni viatu vya kutembelea, na mje na sweta, kwa sababu ndani kuna baridi. Mbao zile haziruhusiwi kupata joto. Maswali tutaulizana tukila. Nawashukuruni kwa masikio yenu, na yule kijana mwenye simu nitamkagua kuhusu filimbi.